Aplikesheni ya simu kwa vidonda vya utumbo mpana: nirekodi nini, na ukumbusho usiolia naufanyaje?

Kiboriloni_Juu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoujua ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana (ulcerative colitis) na wanaozijua simu, maana majibu ninayoyapata huku na huku yanajua kimoja tu.

Mgonjwa ni mtu mzima, yuko Moshi. Vidonda vimethibitishwa kwa kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) na vinyama vilivyokatwa vikapimwa maabara. Anatumia sulfasalazini ya 500 mg, vidonge viwili mara tatu kwa siku, pamoja na foliki asidi. Kliniki ni kila baada ya miezi mitatu. Shida ni kwamba daktari akiuliza "umeendeleaje?", miezi mitatu yote inaishia kwenye "naendelea vizuri kiasi", na faili linaandikwa hivyo hivyo.

Simu ni Tecno ya Android, ya bei ya chini, bando ni la wiki. Aplikesheni tatu zimeshawekwa. Ya kwanza ina maswali mengi mno kila siku. Ya pili inataka chakula lakini haijui mtori wala makande. Ya tatu ukumbusho wake wa dawa unalia ukiwa umeifungua tu. Ukifunga simu, kimya.

Nauliza: kitu gani hasa kirekodiwe? Zile alama inazotoa aplikesheni zikifika ngapi ndio mtu ashtuke? Na alama zikipanda, je, inaruhusiwa kununua prednisoloni, ile dawa ya steroidi, dukani kusubiri kliniki? Natanguliza shukrani.

---

NesiMajengo

Mkuu Kiboriloni, ile yenye maswali mengi ifute leo. Fomu ndefu hujazwa kwa bidii wiki ya kwanza. Wiki ya pili inajazwa Jumapili usiku kwa kukisia siku saba zote, na hapo ile grafu nzuri ni mapambo tu.

Kwa vidonda vya utumbo mpana mambo machache yanatosha, nayo ndiyo yaliyomo kwenye kipimo cha alama kiitwacho SCCAI. Kilichapishwa 1998, na bado kinatumika kwa sababu hakihitaji damu wala kamera. Alama zake ziko hivi:

Choo cha mchana: mara 0 hadi 3 ni alama 0, mara 4 hadi 6 ni 1, mara 7 hadi 9 ni 2, zaidi ya 9 ni 3.
Choo cha usiku: hakuna ni 0, mara 1 hadi 3 ni 1, mara 4 hadi 6 ni 2.
Kubanwa: kuharakisha ni 1, kukimbia hapo hapo ni 2, kushindwa kujizuia ni 3.
Damu: dalili kidogo ni 1; damu ya wazi mara mojamoja ni 2; damu ya wazi karibu kila choo ni 3.
Hali ya mwili kwa jumla: mzima kabisa 0, hadi hoi kabisa 4.
Kisha alama 1 kwa kila tatizo la nje ya utumbo, kama viungo kuvimba, jicho kuwa jekundu na kuuma, au mabonge yenye maumivu kwenye miundi.

Jumla ikiwa 2 au chini, ugonjwa umetulia. Ikifika 5, umechachamaa. Chukua siku ya kawaida tu: choo mara tano mchana, mara moja usiku, mtu anaharakisha, damu kidogo kwenye karatasi, mwili si mbaya sana ila hauko sawa. Moja, moja, moja, moja, moja: tayari ni 5. Mtu huyo huyo ukimuuliza kliniki atakwambia "vizuri kiasi". Ndiyo maana namba zinasaidia.

Sasa yanayoharibu hesabu. "Usiku" maana yake ni kile choo kinachokuamsha usingizini. Aplikesheni nyingi zinakata siku saa sita usiku, kwa hiyo choo cha saa tisa usiku kinaingia kama cha "leo asubuhi" na safu ya usiku inabaki sifuri. Weka alama ya usiku kwa mkono, usiiachie saa ya simu. Safari ya chooni iliyotoa kamasi na damu bila kinyesi nayo ihesabu. Wengi wanaiacha wakidhani si choo.

Kuhusu damu: juisi ya bitiruti inapaka choo rangi nyekundu, na vidonge vya kuongeza damu vinakifanya cheusi. Ukinywa kimojawapo, kiandike siku hiyo hiyo, la sivyo utamtisha daktari bure. Na damu mbichi inayodondoka mwishoni baada ya choo kigumu yaweza kuwa bawasiri. Ile iliyochanganyika na kinyesi na kamasi ndiyo tunayoitafuta hapa.

Ugonjwa ukiwa umetulia, jaza mara moja kwa wiki. Ukianza kusumbua, kila siku. Uzito mara moja kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi kabla ya chai. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi bila kukusudia, hilo halisubiri tarehe ya kliniki.

---

Fundi_Sakina

Mimi nijibu la ukumbusho tu. Kosa si la aplikesheni, ni simu inaiua ili kuokoa betri. Tecno, Infinix na itel zina tabia hiyo, na watu wengi huku Arusha wanakuja wakidai aplikesheni ni feki.

Fanya hivi. Ingia Mipangilio, Programu, chagua hiyo aplikesheni, kisha Betri, uweke isiwe na vikwazo. Rudi, ingia Arifa, ruhusu zote. Kuanzia Android 13 arifa zinaombewa ruhusa upya na watu wanabonyeza "hapana" bila kusoma. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa nyingine ya kengele na vikumbusho, iko kwenye ruhusa maalumu, nayo iwashe. Halafu fungua Phone Master iliyokuja na simu, tafuta sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, iruhusu ya dawa. Mwisho, fungua orodha ya programu zilizo wazi na uifunge kwa kile kikufuli, ili kitufe cha kusafisha kisiifagie.

Kisha ijaribu. Weka ukumbusho wa dakika kumi mbele, zima kioo, iache mezani. Ikilia, jaribu tena baada ya kuzima na kuwasha simu, maana zingine hazilii mpaka ufungue kioo kwa nywila. Ikigoma kote, usipigane nayo: tumia saa ya kengele ya simu yenyewe, iandike jina, weka ijirudie kila siku. Hiyo simu haiiui.

Jambo la saa. Dawa ya mara tatu kwa siku weka 07:00, 15:00 na 23:00, yaani saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Washa mfumo wa saa 24 kwanza. Mtu anaandika "1:00" akiwa na maana ya saa moja asubuhi, simu inamwamsha saa saba usiku, kesho anaizima kabisa.

---

DukaLaDawa_Ngarenaro

Kiboriloni, swali la prednisoloni ndilo zito kuliko yote, na jibu ni hapana, usinunue. Sababu si urasimu.

Aplikesheni inahesabu choo na damu. Haijui kilichosababisha. Kwetu huku choo chenye damu kinaweza kuwa amiba, kinaweza kuwa bakteria wa kuhara damu, kinaweza kuwa kichocho cha tumbo, na vyote vinaongeza alama sawasawa na ugonjwa wenyewe. Alama zikifika 5, cha kwanza ni choo kwenda maabara, kikiwa kibichi. Cha amiba kikikaa saa kadhaa kwenye kopo, vijidudu hai vinakufa na majibu yanatoka safi kwa uongo. Prednisoloni juu ya amiba inaweza kutoboa utumbo. Juu ya kifua kikuu kilichojificha inakiamsha. Na kuna minyoo aina ya strongiloidi ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Akipewa steroidi inasambaa mwilini. Ndiyo maana daktari anauliza na kupima kwanza.

Pili, angalia mtu alikunywa nini wiki hiyo. Diklofenaki na brufeni zinaweza kuuchokoza utumbo wenye vidonda, na watu wanazinywa kwa maumivu ya mgongo bila kuziita dawa. Weka kwenye aplikesheni sehemu ya "dawa nyingine", uandike kila kitu hata cha kununua kimoja kimoja. Kwa maumivu ya kawaida parasetamo ndiyo salama zaidi. Vidonge vya kuzuia kuhara, vile vya loperamidi, usivitumie ugonjwa ukiwa mkali: utumbo unaweza kulegea na kutanuka kwa hatari. Na ubaya wake mwingine ni kwamba idadi ya choo inashuka, alama zinashuka, grafu inapendeza, huku mgonjwa anaharibika.

Tatu, na hapa ndipo simu inapolipa: hesabu ya vidonge. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 kwa wagonjwa waliotulia kwa mesalazini, dawa ndugu na hiyo ya kwenu, ulikuta kwamba waliochukua chini ya asilimia 80 ya dawa zao walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya mara tano ya waliofuata dozi. Piga hesabu kwa sulfasalazini: vidonge 6 kwa siku ni 180 kwa mwezi, asilimia 80 ni 144. Anayeruka vya mchana tu, kwa sababu yuko sokoni au shambani, anameza 120. Hiyo ni asilimia 67, na yeye anajiona mtu wa dozi kamili. Kama vya mchana haviwezekani, mwambie daktari. Mesalazini inaweza kunywewa mara moja kwa siku, ingawa bei yake ni nyingine kabisa. Usipange mwenyewe kumeza sita kwa mpigo. Tumbo litachafuka na kichwa kitauma.

Kama atakuja kuandikiwa prednisoloni, kawaida huanza 40 mg kwa siku kisha hupunguzwa 5 mg kila wiki. Kwa vidonge vya 5 mg ni nane kila siku wiki ya kwanza, saba wiki ya pili, mpaka kimoja wiki ya nane. Jumla 252, hesabu kabla hujaondoka dirishani. Kwenye aplikesheni usiweke ukumbusho mmoja ukitegemea kuubadilisha kila Jumatatu. Weka nane tofauti, kila mmoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Wanaosahau kubadilisha wanaendelea na nane wiki tatu, dawa inaisha katikati, wanaacha ghafla, na mwili uliozoea steroidi ya nje unaanguka.

---

Kiboriloni_Juu

Asante sana, ndugu zangu, hasa hesabu ya asilimia 67, imenigusa. Nesi, kwa hiyo nikiona 5 nifanye nini siku hiyo hiyo? Na dharura naijuaje kwa simu?

---

NesiMajengo

Siku moja ya 5 iandike, usikimbie. Ikidumu siku tatu mfululizo, peleka choo maabara na upige simu kliniki, usisubiri tarehe. Kama 3 au 4, endelea kujaza kila siku na uhakikishe hakuna dozi iliyorukwa.

Dharura ina kigezo chake, cha tangu 1955 na bado kinaokoa watu: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na kimojawapo kati ya hivi: mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, au joto zaidi ya 37.8. Daktari ana vingine viwili vya maabara, wingi wa damu chini ya 10.5 na ESR (kipimo cha damu cha kuonyesha mwili umewaka) zaidi ya 30. Hapo ni kwenda hospitali usiku huo huo. Kwa Moshi KCMC ipo, Arusha kuna Mount Meru. Mapigo yapime kwa vidole kwenye kifundo cha mkono, mtu akiwa amekaa dakika tano, uhesabu sekunde 30 uzidishe kwa mbili. Zile aplikesheni za kuweka kidole kwenye kamera zinayumba mkono ukiwa baridi au ukitetemeka. Kipimajoto cha dukani ni bei ndogo, kiwemo nyumbani.

Na tumbo likijaa likawa gumu huku choo kinapungua, hiyo si nafuu. Nenda.

---

MzeeWaDaftari

Vijana, yote hayo daftari la shule linafanya. Halihitaji bando, halizimiki, na daktari analisoma bila nywila. Mistari sita kwa siku, kalamu. Sioni simu imeongeza nini.

---

Themi_Kando

Shikamoo mzee. Kwa kurekodi tu uko sahihi, na kwa mtu asiye na simu nzuri daftari ni bora kuliko aplikesheni mbovu. Kinacholeta tofauti ni kama kuna mtu upande wa pili anayesoma.

Uholanzi walifanya jaribio na mfumo unaoitwa myIBDcoach, matokeo yakachapishwa 2017 kwenye jarida la Lancet. Wagonjwa 909, nusu wakapewa huo mfumo, nusu wakaendelea na kliniki kama kawaida. Baada ya mwaka, wenye mfumo walikuwa wameenda kliniki wastani wa mara 1.55, wenzao 2.34, na walilazwa mara chache zaidi. Ubora wa huduma kwa tathmini yao wenyewe ukabaki sawa. Lakini nyuma ya ule mfumo kulikuwa na manesi wanaopokea tahadhari alama zikipanda na kumpigia mgonjwa. Denmaki nako walifundisha wagonjwa kusoma rangi kama za taa za barabarani na kuongeza dawa wenyewe kwa mpango uliokubaliwa na daktari kabla.

Aplikesheni uliyopakua bure haina nesi. Ukijaza 9 saa nane usiku, inakupa grafu na tangazo la mkopo. Kwa hiyo siku ya kliniki ijayo, Kiboriloni, kabla ya kuonyesha chochote, uliza maswali mawili: zikifika 5 nimpigie nani, na niongeze au nisiongeze nini wakati nasubiri. Jibu liandike kwenye sehemu ya maelezo ya aplikesheni au, mzee, kwenye jalada la lile daftari. Mfumo wa kompyuta wa hospitali hauvuti chochote kutoka kwenye simu yako, usidhani daktari "anaona".

Kwa majina: MyTherapy na Medisafe ni za kukumbusha dawa, hazijui utumbo. mySymptoms ni ya chakula na dalili. Bearable ni ya dalili kwa ujumla, unajitengenezea mwenyewe safu unazotaka, na kwa hizo sita za Nesi inatosha. Usiweke zote nne. Moja ya dawa na moja ya dalili. Kabla ya kuzama, jaza siku mbili za uongo, kisha jaribu kutoa ripoti. Kuna zinazotoza pesa hapo tu, kwenye mlango wa kutokea.

---

DukaLaDawa_Ngarenaro

Naongeza hapo kwa Themi. Kuna vipimo vya nyumbani vya kalprotektini, protini ya kwenye choo inayoonyesha utumbo umewaka, ambavyo kamera ya simu inasoma kile kikaratasi. Kipimo chenyewe ni kizuri: chini ya 50 mikrogramu kwa gramu ni kawaida, juu ya 250 mara nyingi utumbo umewaka kweli. Ila programu zake zinakubali aina za simu zilizothibitishwa tu, kwa sababu kamera tofauti inasoma rangi ya mstari tofauti. Usiagize kabla ya kuangalia orodha. Hapa kwetu njia rahisi ni kuuliza maabara kama wanakifanya au wanakisafirisha, kisha matokeo uyaandike kwenye aplikesheni na tarehe. Brufeni na maambukizi ya tumbo yanapandisha namba hiyo pia, kwa hiyo kiende pamoja na kipimo cha choo cha kawaida.

Na tarehe za damu ziwekee ukumbusho. Kwa anayeanza sulfasalazini, FBP (hesabu ya chembe za damu) na vipimo vya ini ni kila wiki mbili miezi mitatu ya kwanza, kila mwezi miezi mitatu inayofuata, kisha kila miezi mitatu. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kawaida, hauhitaji kuandikwa kila siku. Homa na koo kuuma ghafla, au vipele mwilini, hivyo acha dawa uende ukaonwe. Aliyewahi kudhurika na septrini aseme kabla. Na kwa wanaume wanaotafuta mtoto, dawa hii inapunguza mbegu kwa muda, zinarudi ikibadilishwa. Watu wanahangaika na waganga kumbe ni kidonge.

---

JikoLaRau

La chakula bado halijajibiwa. Usitafute mtori kwenye orodha ya aplikesheni. Hata ukiupata utakuwa "supu ya ndizi" ya nchi nyingine yenye maziwa ya nazi. Tengeneza vyakula vyako, kumi na tano hivi, mara moja, nusu saa ya kazi. Kila kimoja kiandike kwa viungo vinavyogusa tumbo: mtori (ndizi, nyama, kitunguu), makande (mahindi na maganda yake, maharage), kiburu (ndizi, maharage), loshoro (mahindi, maziwa mgando), wali na maharage, ugali na mchicha, chai ya maziwa, mtindi, pilipili, mbege, bia, soda. Vipimo vya gramu achana navyo. "Kidogo, kawaida, nyingi" vinatosha.

Kisha usikimbilie kulaumu. Chakula cha jana na hata cha juzi ndicho kinachotoka leo, na aplikesheni nyingi zinaunganisha dalili na kitu cha mwisho ulichokula. Ikisema chai ndiyo adui kwa sababu kila asubuhi unakunywa chai na kila asubuhi unaenda chooni, ipuuze. Toa kitu kimoja kwa wiki mbili, vingine vibaki kama vilivyo, kisha kirudishe uone. Ukitoa vitano kwa pamoja hutajua kilichosaidia, na utakonda.

Maziwa fresh yanaleta gesi na choo chepesi kwa watu wazima wengi wasio na kidonda chochote. Choo chepesi bila damu baada ya maziwa si lazima ugonjwa umechachamaa. Mtindi wengi wanauvumilia zaidi. Mbege ina makapi ya ulezi pamoja na kilevi, andika kama vitu viwili. Ugonjwa ukiwa umewaka, mtori laini uliopondwa vizuri, wali mweupe na uji wa lishe vinapita kwa amani kuliko makande. Ukitulia, rudisha mboga na maharage taratibu. Hakuna haja ya kuishi kwa mtori mwaka mzima, hata Mchaga atachoka.

---

PasuaStendi

Niulize kwa haraka: hizo alama za Nesi zinatumika kwa ugonjwa wa Crohn, ule ndugu wa huu unaoweza kushika utumbo wowote?

---

NesiMajengo

Hapana, Crohn ina zake, Harvey-Bradshaw: hali ya mwili 0 hadi 4, maumivu ya tumbo 0 hadi 3, kisha alama moja kwa kila choo cha majimaji cha jana, uvimbe unaoshikika tumboni (hilo ni la daktari), na alama moja kwa kila tatizo la ziada kama viungo au jipu la njia ya haja. Chini ya 5 ametulia, 5 hadi 7 ni kidogo, 8 hadi 16 wastani, zaidi ya 16 kali.

Uwe macho na kitu kimoja. Mwenye Crohn utumbo wake unaweza kuwa umeziba nusu kwa kovu. Ukiziba kabisa, choo kinakoma, alama zinashuka, aplikesheni inampongeza kwa nyota. Kutapika, tumbo kujaa, kutopitisha hata hewa: hospitali, namba ya aplikesheni iseme itakavyo. Mwenye utumbo uliobanwa hivyo na kovu asile makande ya mahindi mazima wala nyuzi za maembe bila kumuuliza daktari. Na kama uchunguzi wa Crohn ulifanyika bila kifua kikuu cha utumbo kuondolewa shaka, liulize hilo, kwa sababu vinafanana sana na dawa zake zinapingana.

---

Themi_Kando

La mwisho kwangu ni usiri, kwa sababu limepita kimya. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haitafunga simu yako. Chagua aplikesheni inayofanya kazi bila kufungua akaunti, au akaunti isiyo na jina kamili. Ikiomba ruhusa ya majina ya kwenye simu, mahali ulipo au maikrofoni, kataa. Kuhesabu choo hakuhitaji kujua uko Njiro. Arifa zibadilishe ziseme "ukumbusho" tu, zisitaje dawa kwenye kioo kilichofungwa.

Picha za choo daktari anaziomba wakati mwingine. Zipige ndani ya aplikesheni kama inaruhusu. Ukizipiga kwa kamera ya kawaida zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na siku shangazi anaomba kuona picha za sendoff, anaanza na hizo.

Nakala ya akiba itoe kila mwisho wa mwezi, faili ujitumie kwa barua pepe. Simu ikiibiwa stendi, miezi yako haiendi nayo.

---

Kiboriloni_Juu

Nimeelewa. Swali dogo la kumalizia: siku ya kliniki nimpe daktari nini, simu au karatasi?

---

NesiMajengo

Karatasi, A4 moja. Simu usimkabidhi, akigusa vibaya anaishia kwenye meseji zako, na foleni nje inasubiri.

Juu kabisa andika dawa na dozi halisi zinazomezwa, na asilimia ya vidonge vya mwezi uliopita. Chini yake grafu ya alama kwa wiki, miezi mitatu, si kwa siku. Za siku zinapanda na kushuka kama mlima na hazisomeki. Kisha mistari mitatu: alama ya juu kabisa na tarehe yake, siku ngapi kulikuwa na damu ya wazi, uzito wa mwanzo na wa mwisho. Kisha majibu ya maabara na tarehe. Kisha swali lako moja.

Kama aplikesheni inatoa PDF ya kurasa kumi na mbili, chapisha ukurasa wa grafu tu, mengine yaandike kwa mkono nyuma. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si skrinshoti, maana picha inabanwa na tarehe hazionekani. Na ichapishe siku moja kabla, stesheneri za karibu na hospitali asubuhi zina foleni kama ya dirisha la bima.